Bao Alilolikana Bulaimu

Wasikilizaji wapendwa, hodi majumbani mwenu. Ninyi wa Kasuku, ninyi wa Mikelenge, ninyi wa ng'ambo kule Alunguli, na ninyi wa Lokandu na Kibombo mnaotusikia kwa shida, sauti ikipanda na kushuka. Sogezeni redio karibu. Mimi ni Amuri, mtangazaji wenu. Leo tunamkumbuka Bulaimu Saleh, beki wa Nyota ya Kasuku, aliyefariki Jumanne ya juma lililopita akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Nasema tena kwa wale waliofungua redio sasa hivi. Bulaimu Saleh amefariki. Yule mliyemwita Kapita. Yule ambaye baadaye mlimwita jina lingine.

Kipindi hiki nimekiandika mara tatu na mara tatu nimekichana. Mnajua tumeishi vipi. Mwezi uliopita, Aprili hii ya mwaka tisini, Rais alitoa hotuba ya kuruhusu vyama vingi, na watu sokoni wanasema sasa midomo imefunguliwa. Labda imefunguliwa. Mimi bado natazama mlango wa studio kila mtu anapopita. Lakini nimemwahidi mjane wa marehemu, na ahadi hiyo nimeitoa mbele ya watu.

Bulaimu alizaliwa Lokandu, mwaka wa arobaini na nne. Baba yake alikuwa akikausha samaki na kuwaleta hapa Kindu kwa mtumbwi. Mama yake alitaka awe mwalimu wa chuo cha Kurani. Yeye alitaka mpira. Mwaka wa sitini na tano alikuja mjini, akapata kazi ya nyundo kwenye karakana ya reli, na jioni akawa anacheza katika timu iliyoitwa Étoile. Baadaye, majina ya kizungu yalipokatazwa, Étoile ikawa Nyota. Watu walewale, jezi zilezile.

Alikuwa mrefu. Shingo ndefu, paji pana. Mpira wa juu ulikuwa wake. Hakuwa na mbio, lakini alikuwa tayari amefika mahali ambapo wenye mbio walikuwa bado wanaelekea. Wachezaji wenzake walimfanya kapteni akiwa na miaka ishirini na sita. Mashabiki wakamwita Kapita, kama mnavyomwita yule anayesimamia wenzake kazini. Jumapili ukipita Kasuku, ulisikia ngoma ya Sudi, kiongozi wa mashabiki wa Nyota, na watu nyuma yake wanaitikia: Kapita! Kapita! Wanawake walimpa wali na samaki bila yeye kuomba. Baba mmoja wa Mikelenge alimpa mwanawe jina la Kapita, na mtoto huyo leo ni mtu mzima anafanya kazi bandarini.

Alimwoa Mwavita mwaka wa sabini na mbili. Walipata mtoto mmoja wa kike, Zawadi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike kwenye siku yenyewe. Wengi wenu mlikuwapo.

Ni Jumapili, Novemba, mwaka wa sabini na tano. Fainali ya kombe lililotolewa kwa sikukuu ya chama tawala. Nyota ya Kasuku na Radi ya Alunguli. Timu za pande mbili za mto. Tangu asubuhi mitumbwi ilikuwa inavuka imejaa hadi maji yanalamba ukingo. Wakubwa walikaa kwenye viti vyao vya kivuli, na pembeni mwa uwanja walisimama askari wenye bunduki, kwa sababu ya wakubwa hao.

Uwanja wetu wa zamani mnaukumbuka. Ukuta pande zote na lango moja. Siku hiyo lango lilifungwa ili magari ya wakubwa yapate nafasi ya kugeuka nje. Wanawake wenye watoto walikuwa wamekaa palepale langoni, kwa kuwa ndipo penye upepo. Mwavita alikuwa hapo, Zawadi mgongoni.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa mtu wa megafoni. Kazi yangu kutaja majina ya wachezaji na kuwaambia watu wakae.

Dakika themanini zilipita bila bao. Dakika ya themanini na tatu Nyota wakapata kona. Mpira ulikuja juu, polepole, kama umechoka. Golikipa wa Radi alikuwa Okito, kijana wa Kibombo, mwenye mikono mikubwa. Akatoka. Bulaimu akaruka. Wote wawili walikuwa hewani pamoja. Mimi nilikuwa nyuma ya goli, upande kidogo. Niliona mkono ukigusa mpira. Naapa niliona mkono. Kisha mpira ukawa wavuni.

Refa, Mzee Matata, alipuliza: bao.

Upande wa Kasuku ulilipuka. Upande wa Alunguli nao ulilipuka, lakini kwa sauti nyingine. "Mukono! Ameshika! Mukono!" Wachezaji wa Radi wakamzunguka refa. Jiwe la kwanza sikuona limetoka wapi. La pili liliangukia karibu na mguu wangu. Kisha watu wa Alunguli wakaruka kamba, wakaingia uwanjani, na watu wa Sudi wakaruka kamba upande wao. Vijiti vya bendera vikageuka kuwa fimbo. Wakubwa wakasimama kwenye viti vyao.

Mkuu wa askari alitoa amri kwa Kilingala. Nikasikia bunduki zikifanya ule mlio wa kukokiwa, moja, kisha nyingine, kisha nyingi. Hawakuzielekeza juu. Mkuu yule alinijia akaniambia niseme kwa megafoni kwamba anatoa dakika moja uwanja uwe mweupe. Dakika moja. Nilitazama lango. Lango lilikuwa bado limefungwa. Wanawake walikuwa wamebanwa kwenye mbao zake, na mmoja alikuwa ameinua mtoto juu ya kichwa chake ili apate kupumua.

Nilisema. Nilisema hivyo nilivyoambiwa. Hakuna aliyenisikia. Wasikilizaji wapendwa, sitaficha: nilikuwa natetemeka hadi megafoni ikawa inagonga meno yangu.

Hapo Bulaimu akaja kwangu. Hakukimbia. Alitembea katikati ya watu wanaopigana, akaweka mkono begani mwangu, akasema, "Amuri, nipatie hiyo kintu."

Nikampa.

Alikwenda hadi kwenye nukta ya katikati. Akasema kwa sauti ile aliyokuwa akiwapangia mabeki: "Bao si bao. Mimi Bulaimu, nilishika mupira. Na mukono yangu. Matata, futa bao."

Akarudia. "Nilishika na mukono yangu. Futa bao."

Akarudia mara ya tatu, na mara hii watu walikuwa wamenyamaza, na kila mtu alisikia.

Kisha watu wa Alunguli wakapiga yowe la furaha, wakaanza kurudi upande wao wakikumbatiana. Hawakuwa na sababu ya kupigana tena. Watu wa Kasuku walisimama palepale, mawe mikononi, hawajui wamtupie nani. Mzee Matata alimtazama Bulaimu kwa muda. Kisha akainua mkono akafuta bao. Mkuu wa askari akasema neno moja na bunduki zikashuka. Lango likafunguliwa.

Mchezo ulimalizika bila bila. Jua lilikuwa linazama, wakaenda moja kwa moja kwenye penalti. Kocha wa Nyota alimvua Bulaimu kitambaa cha ukapteni palepale na hakumruhusu kupiga. Radi walishinda, nne kwa tatu. Kombe likavuka mto.

Na sasa sehemu yangu. Wakubwa waliniambia nitangaze matokeo. Hofu ilikuwa imenitoka, nikajisikia mwerevu. Nikasema kwa megafoni: "Radi ni mabingwa, na washukuru Bulaimu. Bulaimu Mukono!" Watu wakacheka. Jina lile nililitoa mimi. Halikutoka Alunguli. Halikutoka kwa Sudi. Ni mimi.

Jioni ileile askari walimchukua Bulaimu nyumbani kwake. Walisema ameleta fujo mbele ya wakubwa kwa udanganyifu wake, na amekiri mwenyewe mbele ya watu. Alikaa kambini kwao siku mbili. Alirudi siku ya tatu kwa miguu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba, na tangu siku ile halikusikia tena. Alikuwa ametia saini karatasi. Karatasi ilisema: nilishika mpira, nilimdanganya refa, nilisababisha ghasia. Akaambiwa kwamba siku atakayosema vingine, atarudi kule, na safari ile hatatoka kwa siku mbili.

Watu wa Nyota walipoona lile sikio walisema amestahili. Timu ilimwondoa. Usiku mmoja dirisha lake lilivunjwa. Radi walimtumia ujumbe: njoo ucheze kwetu. Akajibu, "Miye ni muntu wa Nyota," na hakucheza tena popote.

Miaka kumi na mitano, wasikilizaji wapendwa. Nasema tena: miaka kumi na mitano. Aliendelea na nyundo yake karakanani. Alipopita, watoto walimwimbia Mukono bila hata kujua maana yake. Wale wali na samaki walikwisha. Siku ya mechi alikuwa anapanda mtumbwi kwenda kwao Lokandu, arudi kesho yake. Mimi nilipata kazi ya redio, na mara mbili au tatu, nikisimulia mechi, nikiona mchezaji ameshika mpira, nilisema: "Huyo ni mjukuu wa Bulaimu." Nilijua kwamba redio ilikuwa inasikika na nyumbani kwake.

Mara moja tu nilimuuliza. Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu, stesheni, tunangoja treni ya kusini iliyochelewa. Nilisimama upande wa sikio lake zuri. "Kapita, kweli ulishika?" Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake amevaa shati kinyume. Akasema, "Amuri, wewe ulirudi nyumbani siku ile?" Nikasema, ndiyo, nilirudi. "Basi," akasema. Akaenda kuangalia boliti zake.

Mwaka huu, mwanzoni mwa Mei, homa ilimshika. Alilazwa siku tatu. Jumanne alfajiri akatutoka.

Na sasa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa maana mji huu umejaa maneno kuhusu siku ya mazishi, na mengi si ya kweli. Mimi nilikuwapo tangu saa nne asubuhi.

Mazishi yalipangwa baada ya sala ya alasiri. Nyumba ni ile ya Mikelenge, yenye ua mdogo. Mwavita alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na wanawake wenzake. Mzee Bakari, kaka wa marehemu, alikuwa nje akipokea watu.

Saa saba hivi tulisikia ngoma. Alikuwa Sudi. Mvi zimemjaa sasa, lakini mkono ni uleule. Nyuma yake kulikuwa na watu wa Nyota, sitini, labda sabini, na bendera ya timu. Walisimama mbele ya ua, ngoma ikanyamaza. Sudi akasema kwa sauti ya kusikika hadi ndani:

"Mama Mwavita, pole sana. Sisi Nyota tumekuya. Mambo ya zamani yameisha. Tumemusamehe. Alituchezea miaka kumi, tulimupenda, na leo tunamusamehe mbele ya Mungu. Tunaomba tubebe jeneza yake, na bendera yetu iwe juu."

Watu walilia. Nilimwona mzee wa makamo, mtu wa bandarini, amefunika uso kwa kofia yake. Walikuwa na uchungu wa kweli. Walikuwa wamekuja kutoa msamaha na waliona ni zawadi kubwa.

Mzee Bakari akasema, "Ngojeni kidogo."

Tulipokuwa tukingoja, mtu mmoja alikuja mbio kutoka kando ya mto. "Watu wa Radi wamevuka! Wako na mitumbwi mbili! Okito iko mbele yao!"

Mnajua namna umati unavyokaza. Mabega yanakaribiana. Mtu mmoja wa Nyota alisema, "Wanakuya kutucheka mbele ya maiti." Mwingine akaokota kipande cha tofali. Na barabarani, kama siku ile, lori la askari likasimama. Hawakushuka. Walikaa tu wakitutazama.

Okito alifika akitembea mbele ya watu wapatao ishirini. Hawakuwa na ngoma. Hawakuvaa rangi zao. Yeye alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, la kwenda kanisani, na viatu vyake vilikuwa na maji ya mtumbwi. Sudi alimkata njia.

"Umefuata nini hapa?"

"Nimekuya kuzika."

"Kuzika nani? Kombe uko nayo. Unataka nini tena kwetu?"

Okito akasema, "Sudi, niache nifike kwa mama. Niko na neno."

"Neno yako sema hapa. Mbele yangu."

Okito alitazama lile lori. Alitazama watu wake. Kisha akainua mkono wake wa kulia, ule mkubwa, vidole vimeanza kupinda kwa uzee, akausimamisha kati yake na Sudi.

"Sawa. Nasema hapa. Mukono ilikuwa huu."

Hakuna aliyeelewa.

"Ile kona," Okito akasema. "Nilitoka kupiga ngumi. Mupira uligusa vidole vyangu, halafu ukamupiga Bulaimu hapa." Akagusa paji lake. "Hapa, katikati. Uso yake ilikuwa karibu na yangu kama wewe sasa. Mikono yake ilikuwa chini. Yeye hakushika. Watu wetu waliona mukono, kweli, ila ilikuwa mukono ya golikipa. Bao ilikuwa bao."

Sudi alimkamata kola. "Bongo! Unadanganya! Yeye mwenyewe alisema! Sisi wote tulisikia!"

"Alisema bongo," Okito akasema. Alikuwa hajitetei, mikono yake imelegea. "Alisema bongo sababu ya bunduki. Na walipomuchukua, nilisikia wamemuchukua. Nilikaa ndani ya nyumba yangu siku mbili. Nilijiambia, nikisema ilikuwa mukono yangu, watanikamata miye. Na kombe itarudi ng'ambo. Nikanyamaza."

Ngumi ya Sudi ilikuwa juu tayari. Yule mwenye tofali alikuwa amesogea. Kwenye lori askari mmoja alisimama ili aone vizuri. Wasikilizaji wapendwa, nilitafuta njia ya kukimbilia, na nikaona ua ule nao una mlango mmoja.

Ndipo pazia likatikisika.

"Sudi. Acha shati ya muntu."

Ilikuwa sauti ya Mwavita. Hakutoka, kwa kuwa alikuwa ameingia eda. Hakupaza sauti pia. Lakini ua wote ulimsikia.

Sudi aliachia. Aligeukia mlango akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa, "Mama ya Zawadi, njo kweli hii Okito anasema?"

"Unaniuliza leo."

"Njo kweli?"

"Siku ile kabla hawajamuchukua, alikula mbele yangu," Mwavita akasema. "Nilimuuliza sawa vile unaniuliza. Nikamuambia, Bulaimu, ulishika? Akaniambia, hapana. Nikasema, sasa kwa nini? Akasema, niliona askari mumoja, mudogo, kidole iko mahali pa kufyatulia na mikono inatetemeka. Akasema, muntu mwenye hasira unaweza kumubembeleza. Mwenye kutetemeka hawezi kukusikia. Akasema, tena nilikuona wewe kwenye lango na mutoto. Njo ile tu. Kiisha akanawa, wakabisha mulango."

Tulidhani amemaliza.

"Mumekuya kumusamehe," akasema. "Miaka kumi na tano hamukupita hapa hata kuomba maji. Leo mumekuya na ngoma, kumusamehe."

Sudi alikaa chini. Hakuchuchumaa, alikaa kwenye udongo kama mtu aliyekatwa miguu. Lile tofali sijui liliwekwa wapi. Nilisikia watu wazima, watu wa bandari na wa reli, wanalia kwa kilio kisicho na mpangilio, kila mmoja peke yake.

Mzee Bakari alikwenda mlangoni, akasema kwa upole kwamba saa inakwenda na maiti haifai kungojeshwa. Mwavita akajibu. Nalitoa jibu lake kama lilivyo, kwa maana mjini linasemwa vingine:

"Okito abebe. Alichelewa, lakini amekuya na neno yake. Nyota watembee nyuma. Bendera ibaki. Mume wangu atafunikwa na kitambaa ya musikiti, sawa vile Waislamu wote."

Kisha akasema, "Na Amuri wa redio iko hapo?"

Nilisema niko.

"Wewe ulimupatia jina mbele ya watu wote. Ulisema na redio tena, na yeye alikuwa anasikiliza, akizima. Utasema lini hii ingine?"

Nikasema, "Mama, nitasema juma linalokuja." Lile lori lilikuwa bado pale. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Okito, Mkristo wa Kibombo, golikipa wa Radi, alibeba mbele upande wa kulia hadi mlango wa msikiti. Pale aliwaachia ndugu, akangoja nje kwenye jua mpaka sala ilipokwisha. Kisha akabeba tena hadi makaburini. Lori lilitufuata polepole, halafu kwenye njia panda likageuka likaenda zake. Watu wa Nyota walitembea nyuma, bila ngoma, bendera imekunjwa kwapani. Sudi alikuwa wa mwisho kabisa. Kaburini hakuna aliyemzuia. Alitupa udongo wake mara tatu kama wengine, akaondoka kabla ya dua kwisha.

Jumamosi kamati ya Radi ilivuka mto na lile kombe. Walilisugua likang'aa. Waliliweka kwenye mkeka mbele ya pazia, wakasema ni la Nyota, au ni la familia, yeye aamue. Mwavita aliuliza, "Nitapika nini ndani yake?" Akawaambia wanywe chai kwanza. Walikunywa, wakapanda mtumbwi nalo. Hadi leo liko Alunguli, na sisikii mtu yeyote akilidai.

Mzee Matata, refa, nilikwenda kumwona nyumbani. Haoni vizuri sasa. Nikamuuliza kama siku ile alijua. Alisema, "Nilijua bao ilikuwa nzuri. Nilipuliza mwenyewe. Halafu nilitazama macho ya Bulaimu, na nilitazama lango." Akaongeza, "Nilifuta. Na baadaye sikusema. Andika na hiyo."

Sudi nilimkuta sokoni juzi. Hajarudi Mikelenge. Aliniambia anafika hadi kwenye kona ya barabara ile, anasimama, anageuka. Hajui ataanza na neno gani. Nilitaka kumsaidia, lakini mimi nami nilikuwa naandika karatasi hizi kwa mara ya pili na kuzichana.

Sasa nasema, wasikilizaji wapendwa, kwenye redio, kwa jina langu. Bulaimu Saleh hakushika mpira. Bao la Nyota ya Kasuku lilikuwa halali, na alilikana ili watu wasipigwe risasi. Alifungwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Jina la Mukono nililitunga mimi, na nilikosea, na nilikosea tena kila mara niliporudia. Naomba radhi kwa familia yake. Kwake yeye nimechelewa.

Kwa Mama Mwavita, kwa Zawadi ambaye sasa anasomea ualimu Kibombo, kwa Mzee Bakari na ukoo wote wa Lokandu: poleni sana. Poleni, wafanyakazi wa karakana ya reli. Poleni, Nyota, na poleni, Radi. Mungu amrehemu, ampanulie kaburi lake.

Nanyi mnaonisikiliza, nina ombi moja. Kwenye mtaa wenu kuna mtu ambaye ninyi nyote mna hakika naye. Mna hakika alifanya nini, mwaka gani, siku gani. Jioni hii nendeni mkae naye. Msiende kumsamehe. Nendeni mkamuulize, na mngoje ajibu.

Nilimuuliza Mama Mwavita kama anataka tupige wimbo fulani mwishoni. Alikataa. Nikamuuliza kama niseme mumewe alikuwa shujaa. Alikataa pia. Alifikiri kidogo nyuma ya lile pazia, nikasikia anamtuliza mtoto wa jirani aliyekuwa analia. Kisha akasema:

"Sema alikuwa anapenda samaki ya kukaushwa na wali ya jana. Sema alikuwa ananiamsha kusali. Watu wa mupira hawayajui hayo."